Mlio nyuma ya dashibodi: Je, "sijui" humuokoa muuzaji?

Tuchukue mfano. Mtu anataka kuuza gari lake. Ni Mark II ya mwaka 2001, zile ambazo vijana wa gereji huziita GX 110, na kwa miaka limekula vumbi la Ngaramtoni na mashimo ya Unga Limited. Miezi mitatu sasa nyuma ya dashibodi kunasikika mlio mdogo: tak, tak, tak. Unakuja, unakatika, unakuja tena. Fundi ameshauri dashibodi ifunguliwe patazamwe. Mwenye gari amekataa. Si kwamba hana fedha. Amekwisha nuia kuuza, na amepiga hesabu kuwa akiujua ubovu itambidi autaje, na asipoujua, basi mnunuzi akimuuliza habari za gari atajibu kwa utulivu: "Ubovu? Mimi sijui ubovu wowote."

Ndugu msomaji, huyu bwana amesema uongo? Ukilichukua neno lake kwa udogo wake, hakusema uongo. Na hapo ndipo penye ugumu. Anayerudisha nyuma mita ya kilomita kila mtu anaijua hukumu yake, haihitaji makala. Mgumu ni huyu aliyejitengenezea ujinga kwa mikono yake, kisha akaufanya ngao.

Kwanza tuuelewe mlio wenyewe, maana wengi wanaozungumzia maadili ya biashara huliruka jambo lenyewe na kukimbilia hukumu.

Nyuma ya dashibodi ya gari la rika hilo mna vimota vidogo vya umeme vinavyofungua na kufunga vibao vya kupitishia hewa, ya moto na ya baridi. Gia zake ni za plastiki. Plastiki ikizeeka, jino hukatika, na mota inapojaribu kusukuma kibao gia inateleza na kugonga, tak tak tak, kwa sekunde kadhaa, kisha kimya. Aliyekuwa nalo Dar es Salaam huenda asiusikie mlio huo mwaka mzima, kwani Dar nani anawasha hita? Apande nalo Arusha mwezi Juni au Julai, asubuhi baridi ya Mlima Meru imeteremka hadi Sakina na Sekei, awashe hita kwa mara ya kwanza, kibao kilicholala siku zote kiamshwe, hapo atausikia. Ubovu ulikuwepo tangu zamani, baridi imeutolea ushahidi tu.

Lakini huenda ikawa ni jani. Jani kavu la mgrevilea, gari likiwa limeegeshwa chini ya mti, huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kutua kwenye feni. Feni ikizunguka, jani linagonga; ukiongeza kasi ya feni, nalo linaongeza. Dawa yake ni kuitoa feni na kulitupa jani. Katika Land Rover za zamani, ambazo mji huu unazipenda kiasi cha kuzifanyia tamasha lake Oktoba 2024, mara nyingi mlio ni wa kebo ya spidomita iliyokauka grisi: hugonga kwa kadiri ya mwendo na mshale hutetemeka. Hiyo nayo haimuui mtu. Na kuna dashibodi inayolia kwa sababu tu ililala kwenye baridi na jua la saa nne likaipiga kupitia kioo. Plastiki inatanuka, inalia, inanyamaza.

Kisha kuna rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa kwa sumaku ya umeme. Hiyo kulia ndiyo kazi yake. Ile tak, tak ya indiketa katika magari ya zamani ni rilei yenye afya. Lakini rilei inayolia mfululizo bila kuitwa ni habari nyingine: betri imechoka, vichwa vya betri vimeota chumvi, au waya wa athi umelegea. Waya uliolegea hupata moto, na nyuma ya dashibodi ni mahali pa plastiki, vitambaa na vumbi la miaka ishirini. Pengine kuna kengele ya wizi iliyofungwa kando ya barabara na kijana aliyekata waya wowote aliokutana nao.

Tena kuna mlio usiotoka huko kabisa. Sikio la dereva hudanganyika. Jointi ya mhimili wa usukani ikilika, hugonga unapokata kona, na sauti hupanda na mhimili hadi mtu akaapa kuwa iko nyuma ya redio. Sababu ya kwanza tuliyoitaja gharama yake ni mkono wa fundi. Hii ya mwisho gharama yake huenda ikawa ni familia nzima inayoteremka kutoka Momella kwenda Usa River. Na sauti, kwa mtu aliyeketi kwenye usukani, ni ile ile moja.

Hapa ndipo ninapomkatalia anayesema "ni mlio tu". Mlio tu hakuna. Kuna mlio ambao sababu yake imejulikana kuwa ndogo, na mlio ambao sababu yake haijajulikana. Huu wa pili hauna haki ya kuitwa mdogo.

Je, unaweza kujulikana? Naam. Mafundi wetu wazuri, ambao wengi wao hawakukanyaga chuo, huutafuta kwa utaratibu ambao mwanafunzi wa usul al-fiqh angeutambua mara moja. Wanazuoni wa usuli wanapotafuta sababu ya hukumu, ile wanayoiita illa, wana njia iitwayo sabr na taqsim: unaorodhesha kila linaloweza kuwa sababu, kisha unayajaribu na kuyaondoa moja moja hadi libaki moja. Wana nyingine iitwayo dawaran: unatazama kama hukumu inakuja kitu fulani kinapokuja na kuondoka kinapoondoka. Mfano wao mashuhuri ni maji ya zabibu. Yakiwa matamu ni halali, yakilevya ni haramu, yakigeuka siki yanarudi kuwa halali. Basi illa ni kulevya.

Sasa mtazame fundi. Anazima injini na kuacha swichi imewashwa. Mlio upo? Basi si injini wala mwendo. Anazima feni. Bado upo? Basi jani halimo. Anazungusha kitufe cha joto kutoka baridi kwenda moto, mlio unaongezeka, anakiacha, unakoma. Anachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, anaweka kidole juu ya kila rilei ahisi ipi inaruka, anaweka ncha ya mpira wa maji sikioni na nyingine anaipitisha chini ya dashibodi kama daktari. Anazungusha usukani gari limesimama. Anafanya yote haya kabla hajashika bisibisi. Kazi huchukua nusu saa au siku mbili, kwani mlio una tabia mbaya ya kunyamaza mbele ya fundi.

Kwa hiyo njia ya kujua ipo. Lakini je, muuzaji analazimika kuipita? Hapa naomba tuwe waadilifu. Wapo watakaosema kuwa muuzaji amefanya dhambi kwa kutoifungua dashibodi. Mimi sioni dalili ya hilo. Mali ni yake, fedha za fundi ni zake, na hakuna aliyemwajibisha mtu kupasua kila anachokiuza ili ajue undani wake. Gari kuukuu lina sauti mia; atakayezifuatilia zote atapata wasiwasi badala ya gari. Anaweza kuuza bila kufungua.

Asichoweza ni kuuficha mlio. Kwani yeye hajui sababu, lakini mlio anaujua, na ameujua kwa miezi mitatu. Mambo mawili haya ameyachanganya kwa makusudi: ameulizwa kuhusu gari, akajibu kuhusu sababu.

Wengi tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vyake vikakuta umajimaji. Tunakitaja mara nyingi kwenye mawaidha na kukipita haraka. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Angalia kuwa Mtume (s.a.w.) hakubishana naye juu ya mvua, wala hakumlaumu kwa nini kimelowa. Alichomuuliza ni kwa nini sehemu iliyolowa haikuwekwa juu ili watu waione. Na huyu wetu hakutakiwa kueleza mlio unatoka wapi. Alitakiwa kuuweka juu: "Kuna mlio hapa mbele, fundi alisema ifunguliwe, sikufungua." Baada ya hapo bei itajadiliwa. Huenda akapunguziwa laki tatu, na huenda mnunuzi akaja na fundi wake, akalikuta jani, wakacheka wote.

Atasema: lakini mkataba wetu una kifungu kuwa mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Mikataba ya aina hiyo imejaa mjini, kama zilivyojaa stakabadhi zenye maneno kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa sheria ya nchi anaweza kupata kwa kushikilia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imetokana na ile ya Kiingereza ya mwaka 1893. Kwa mtindo wa sheria hiyo, sharti la ubora lisilotamkwa humbana zaidi mfanyabiashara wa bidhaa ya aina hiyo kuliko mtu binafsi anayeuza gari lake. Na mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha.

Kifungu cha "kama lilivyo" si uvumbuzi wa mawakili wa leo. Mafaqihi wanakijua kwa jina la kuuza kwa sharti la baraa, yaani muuzaji kujivua na kasoro. Na kesi yake imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik. Abdallah bin Umar (r.a.), zama zile za utumwa, alimuuza kijana kwa dirhamu 800 kwa sharti la baraa. Mnunuzi akarudi na kusema kijana ana maradhi ambayo hakuambiwa. Wakapelekana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Ibn Umar akasema: nilimuuza kwa baraa. Uthman hakuishia kwenye mkataba. Aliamua Ibn Umar aape kwa Allah kuwa alipomuuza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha kijana. Akapona mikononi mwake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Watu hupenda kisa hiki kwa sababu ya faida ya mwishoni. Mimi nakipenda kwa sababu ya kiapo. Uthman alilihamisha swali kutoka kwenye karatasi na kulipeleka kifuani: ulijua au hukujua? Sasa mwekeni bwana wetu wa GX 110 mahali pale. Aape kwa Allah kuwa alipouza hakuwa akijua kitu. Je, ulimi utamtii? Na kama ataona haya kuapa, basi lile "sijui" alilompa mnunuzi lilikuwa na kazi gani?

Imam Shafi, ambaye fiqhi yake ndiyo tuliyorithi wengi wa pwani na bara, alijenga juu ya hukumu hiyo msimamo wenye busara kubwa. Baraa humfaa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Kwa nini mnyama? Kwa sababu mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni nadra kukosa kasoro iliyojificha. Muuzaji anahitaji kusitiriwa. Nguo au chungu si hivyo. (Imam Abu Hanifa yeye aliupanua mlango huo zaidi, lakini hakuhalalisha hadaa.) Nimejiuliza mara nyingi: gari kuukuu liko karibu na chungu au na mnyama? Limeundwa kiwandani, lakini baada ya miaka ishirini lina matumbo, homa na siku zake za kununa. Mimi ningekuwa tayari kumpa muuzaji wa gari kuukuu sitara aliyopewa muuzaji wa ng'ombe. Hata hivyo haitamfaa bwana huyu, kwa kuwa sitara ile ni ya asiyejua, na yeye masikio anayo.

Kuna waliovuka hata hapo. Wanamwambia fundi achomoe plagi ya kile kimota ili gari liwe kimya siku ya majaribio. Au wanafungua redio kwa sauti tangu mnunuzi anapoingia hadi anaposhuka. Hili lina ndugu yake wa zamani: mfugaji anayemwacha mnyama siku kadhaa bila kumkamua ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza, na akampa aliyehadaiwa hiari ya kumbakisha mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Kukizima kiungo kinachosema ukweli na kukijaza kiungo kiseme uongo ni kitendo kimoja.

Na fundi je? Fundi wengi tunamsahau, na dalali pamoja naye. Fundi aliambiwa habari za mlio, akashauri, akakataliwa. Wiki ijayo mnunuzi analileta gari lile lile kwake akaguliwe. Anyamaze kwa sababu muuzaji ni mteja wake wa siku nyingi? Imam Ghazali katika Ihya ameleta kisa cha sahaba Waathila bin al-Asqa' (r.a.). Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, Waathila akiwa kando na akili yake iko kwingine. Mnunuzi alipoondoka akamkimbilia na kumuuliza: umemnunua wa nyama au wa kupanda? Wa kupanda. Basi, akamwambia, kwenye kwato yake nimeona tundu, hatastahimili safari ndefu. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, na kumlaumu Waathila kuwa amemharibia biashara. Waathila akamjibu kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akimkataza muuzaji kuficha kasoro, na akimkataza kunyamaza yeyote anayeijua.

Swali la Waathila ni la fundi hasa: wa nyama au wa kupanda? Gari linanunuliwa kwa ajili ya spea, au la kumpeleka mama mjamzito hospitali usiku? Mlio ule ule huwa si kitu kwa mnunuzi wa kwanza na huwa kila kitu kwa wa pili. Fundi anayejibu kuwa "hayo ni yao wenyewe" ajue kuwa Waathila hakulipwa hata dirhamu moja katika biashara ile, na bado alikimbia.

Wapo pia wanaonong'ona kuwa wajibu huu ni kwa ndugu Muislamu, na mnunuzi huyu ni wa imani nyingine, kwa hiyo shauri yake. Katika mji kama Arusha, ambapo jirani, mwalimu wa mtoto na mteja ni Mkristo, maneno haya ni hatari na ni aibu. Kutajwa ndugu Muislamu katika hadithi hakukuja kuwaruhusu wengine waibiwe. Hadaa ni haramu kwa anayeifanya, awe amemfanyia nani.

Limebaki la mnunuzi, naye ana masharti yake. Ameondoka na gari, siku ya nne asubuhi ya baridi anasikia tak, tak. Kwa madhehebu yetu hiari ya kurudisha kwa ajili ya kasoro inatakiwa itumike upesi bila udhuru wa kuichelewesha. Atakayeusikia mlio Jumatatu, akalipeleka gari Karatu na kurudi, akabeba nalo harusi ya Jumamosi, kisha Jumapili akaja kudai, amekwisha ridhika kwa vitendo, na madai yake ya kurudisha au kufidiwa yameanguka.

Na iwapo katika kuutafuta mlio fundi wake ameivunja dashibodi? Kawaida kasoro mpya ikitokea mikononi mwa mnunuzi humzuia kurudisha kwa nguvu. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj at-Talibin, kitabu kilichosomeshwa sana katika madrasa zetu, ana masuala ya yai, tikiti na nazi: vitu ambavyo ubovu wake wa ndani haujulikani ila kwa kuvivunja. Hapo mnunuzi hurudisha bila kulipa fidia ya kuvunja, kwa kauli yenye nguvu zaidi. Isipokuwa kama ubovu ungeweza kujulikana kwa uharibifu mdogo kuliko ule alioufanya. Hapo huhesabiwa kama kasoro nyingine yoyote mpya. Basi mnunuzi ambaye fundi wake alianza kwa kuzima feni, kuchomoa fyuzi na kusikiliza kwa mpira, akafungua dashibodi pale tu ilipobaki kuwa njia pekee, gari lake ni nazi. Yule aliyeanza na nyundo atajadiliana na muuzaji juu ya bei ya dashibodi mpya.